Dawa ya Sikio Haiazimwi

Dorothée alikuwa akipalilia maharage kwenye mlima juu ya kijiji cha Ngungu, na sikio lake la kulia, lililokuwa na kidonda, lilikuwa limetulia. Kidonda kile alijitakia mwenyewe. Wanawake wa mlima ule wana desturi ya kujisafisha masikio kwa unyoya wa kuku, wakikaa juani baada ya kazi, na utamu wake wanaujua wao. Safari hii unyoya ulikwaruza. Sikio likavimba mpaka kutafuna kukawa shida.

Céline, muganga wa kituo cha afya, alimulika ndani ya sikio kwa taa ndogo. Akampa chupa ndogo ya dawa ya matone. Alimwagiza aitumie mpaka siku alizoandikiwa ziishe, hata maumivu yakimwacha mapema. Tena akamwambia kwamba dawa hiyo ni ya sikio lake peke yake, asimpe mtu mwingine.

Asimpe mtu. Kwao hilo si jambo dogo. Jirani akiishiwa chumvi, anachota kwako. Moto wake ukizimika, anakuja na kigae kuchukua makaa. Mbegu, jembe na sufuria kubwa ya sherehe, vyote vinazunguka nyumba hadi nyumba. Anayenyima chumvi anasemwa. Anayenyima dawa anaogopwa, kwa sababu watu hujiuliza anamtakia nini mgonjwa.

Solange, dada wa mume wake, alifika shambani akiwa amembeba mwanawe Prince mgongoni. Prince alikuwa na miaka minne, mtoto wa maneno mengi, anayejibu hata asipoulizwa. Siku hiyo alikuwa kimya. Usaha ulikuwa ukimtoka sikioni, na harufu yake ilimfikia Dorothée kabla hawajasalimiana. Solange alieleza kwamba mtoto alilia sana kwa maumivu, kisha usaha ukatoka na kilio kikapungua. Lakini sasa akiitwa kwa upande ule, hageuki.

"Dada, unipatie ile dawa yako ya sikio," alisema.

Dorothée aliliacha jembe. Alimwangalia mtoto na hofu ikamshika. Sehemu zile, milio ya risasi ikianza, mama huwaita wanawe mara moja na wote wanakimbia. Akilini alimwona Prince akicheza nyuma ya nyumba, anaitwa, hasikii.

"Twende naye kwa muganga," alimjibu. "Hii dawa alinipatia miye baada ya kuangalia sikio yangu. Ya Prince hajaiangalia."

"Sikio si sikio? Weye ulipona. Sasa dawa iko mu nyumba, na mutoto wetu anaoza sikio?"

"Dada, siwezi kukupatia."

Solange aligeuka. Akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akashuka mlima bila kuaga.

Dorothée alijaribu kuendelea na palizi, lakini moyo haukuwa hapo. Alirudi nyumbani mapema. Aliinama chini ya kitanda, akavuta kikapu anamoweka vitu vyake, akakipekua mpaka chini. Chupa haikuwamo. Mume wake Honoré alikuwa Goma, amepeleka maharage sokoni. Mtu mwingine aliyeingia nyumba ile bila kubisha hodi alikuwa mmoja tu, mama mkwe wake Nyiraneza, ambaye kwake nyumba ya mwanawe ni yake.

Dorothée alikimbia kwenda kwake. Alikata katikati ya mihogo ya watu, akateleza, akainuka, akaendelea.

Alipofika aliingia bila kusalimu. Nyiraneza alikuwa amekaa kando ya moto, na Prince amelala ubavu juu ya magoti yake. Solange alikuwa amemshika miguu. Chupa ilikuwa imesimama katika kikombe cha maji yaliyokuwa yakitoa mvuke, ili dawa ipoteze ubaridi wa mlima. Nyiraneza aliitoa, akaifuta kwa kitenge, akaifungua.

Dorothée alipiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya sikio la mtoto.

"Mama, naomba musitie."

"Toa mukono," alisema Nyiraneza polepole. "Nilizika batoto mu hii mulima sababu dawa haikukuwa. Leo dawa iko, na muke wa mutoto wangu anakataza."

Tangu aolewe, Dorothée hakuwahi kumpinga mama huyu. Lakini mkono hakuutoa.

"Muganga amuangalie kwanza. Akisema hii dawa iko muzuri kwa Prince, nitaitia miye mwenyewe, na nitakuomba musamaha mbele ya bantu bote."

Solange alimwangalia mama yake, asijue amshike nani. Mwishowe Nyiraneza aliifunga chupa.

"Tutaenda, na miye nitaenda," alisema. "Na kama ulitunyima bure, Honoré atachagua, weye ao sisi."

Waliondoka mara ile, maana barabara ile haitembelewi jioni ikishaingia. Nyiraneza alitangulia, chupa ikiwa ndani ya ngumi yake kama ushahidi. Dorothée aliomba Mungu kimoyomoyo, na kuna mahali alianza kujishuku. Je, kama muganga atasema dawa ni ileile?

Walimkuta Céline akifunga mlango. Aliufungua tena. Alimpima mtoto homa, akabonyeza mfupa ulio nyuma ya sikio, akakausha usaha, kisha akamulika ndani. Alikaa hapo muda mrefu mno.

"Mulitia kitu humu? Hata mafuta, hata maji ya majani?"

"Hakuna," alijibu Solange.

"Kweli?"

"Kweli, Mama muganga. Dorothée alitukataza."

Céline alishusha pumzi. Aliwaeleza kwamba ndani ya sikio kuna ngozi nyembamba, watu huiita ngoma ya sikio. Ya Dorothée ilikuwa nzima, kidonda kilikuwa nje yake. Ya Prince ilikuwa imetoboka, na usaha ulipitia hapo.

"Ile dawa ya Dorothée ingepita mu tundu na kuingia ndani kabisa, pahali mutoto anasikilia. Inaweza kumuletea kizunguzungu, inaweza kuua kusikia. Na kusikia kukikufa vile, sina dawa ya kukurudisha."

Nyiraneza alifungua ngumi yake, akaiweka chupa mezani. Machozi yalimlengalenga.

"Niliitia mu maji ya moto," alisema.

Céline hakumgombeza. Alisema joto kali huharibu dawa na linaweza kuunguza sikio, kwa hiyo chupa hiyo haifai tena, na Dorothée atapata nyingine amalizie. Kwa Prince alitoa matone ya namna nyingine, yanayofaa sikio lenye tundu. Nyiraneza aliomba afundishwe yeye, na Céline akamfanyisha palepale.

Nyiraneza alinawa mikono kwa sabuni. Akasokota kitambaa safi, akakausha usaha taratibu bila kusukuma ndani, akakitupa na kunawa tena. Akaifumbata chupa mkononi mpaka ubaridi ukaisha. Mtoto akalazwa ubavu, sikio bovu juu, likavutwa juu na nyuma kwa upole. Alipotaka kukigusisha kinywa cha chupa sikioni, Céline aliuzuia mkono wake, akasema uchafu wa sikio ungeingia ndani ya dawa. Matone yalidondoka kwa idadi iliyoandikwa kwenye chupa. Nyiraneza akabonyeza kidogo kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio, na mtoto akabaki amelala dakika chache.

Céline aliwaagiza wasiache dawa hata usaha ukikauka, na maji yasiingie sikioni. Mtoto akipata kizunguzungu, vipele, homa, au uvimbe nyuma ya sikio, warudi haraka. Dawa ikibaki, wailete kituoni. Na unyoya wa kuku, alisema akimtazama Dorothée, ubaki kwa kuku.

Njiani kurudi, Solange alimpa Dorothée amshike mtoto. Nyiraneza hakuomba msamaha kwa maneno, watu wa umri wake si wepesi hivyo, lakini usiku huo alimpakulia Dorothée kabla ya wote.

Usaha ulikauka, nao waliendelea na dawa mpaka siku zote zikaisha. Waliporudi kupimwa, Céline alisimama nyuma ya Prince, akaziba sikio lisilougua, akamnong'oneza kama anataka muwa. Prince alijibu kwamba anataka miwili. Solange akalia mbele za watu bila aibu.

Haikupita muda, jirani yao Byukusenge alikuja na mtoto anayelia, ameshika sikio. Alisikia kwamba kwao iko dawa ya ajabu, akaomba tone moja tu. Alimwomba Nyiraneza, kwa kuwa mama mzee hajawahi kumnyima mtu kitu.

"Dawa sitakupatia," alisema Nyiraneza. "Lakini nitakusindikiza kwa muganga, sasa hivi."

Byukusenge alinuna. Alimgeukia Dorothée, akitumaini huyu ni mwepesi zaidi. Dorothée alikuwa tayari amemchukua mtoto na anamfunga mgongoni, ili waifikie barabara mapema.