Kengele ya Mpeleka Mikate

Hadithi ya mapenzi nikiisimulia mimi, hata jiwe hutoa machozi. Kwa kweli mara ya mwisho aliyelia alikuwa mjukuu wangu tu, naye alikuwa amebanwa kidole na mlango. Ila hii ya leo ilianza na mfuko wa vifungo kumwagika sokoni, na jambo linaloanza kwa kumwagika mimi huliogopa.

Vifungo vilikuwa vya mshonaji mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa sababu ya kazi yake na ya ulimi wake pia. Asubuhi hiyo alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, alilolishona mwenyewe, na kitambaa cheupe kichwani. Baiskeli ikampitia ubavuni kama upepo. Mfuko ukaruka, vifungo vikatawanyika chini ya miguu ya watu.

Mwenye baiskeli akashuka mbio. Kijana mrefu, shati limejaa unga, kreti la mikate limefungwa nyuma kwa mpira.

"Samahani, dada. Nilipiga mluzi."

"Mluzi? Mimi mbuzi?"

"Mbuzi hashoni gauni zuri namna hiyo."

"Usinivike kilemba cha ukoka. Piga magoti uokote."

Akapiga magoti. Sindano naye akainama, na kwenye kifungo cha mwisho vidole vikakutana. Mnajua wenyewe jinsi kifungo cha mwisho kilivyo na hila.

"Baiskeli bila kengele," Sindano akasema akicheka, "siku moja utaua mtu."

Mimi nisingecheka.

Wakaenda pamoja kwenye duka la vipuri, upande wa pili wa soko. Muuzaji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaweka vitu viwili mezani: kengele ya chuma inayong'aa, na honi nyeusi yenye mpira wa kuminya. Mpeleka mikate akaiminya honi. Ikatoa sauti ya ng'ombe aliyekanyagwa mkia, duka zima likageuka.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Nateremka mlima na mzigo. Nataka mtu anisikie mpaka tumboni."

Sindano akaibonyeza kengele. Kri-kri, kri-kri, nyembamba kama uzi.

"Kengele huomba njia, honi hufukuza watu. Utakuja kwetu na sauti ya ng'ombe?"

"Kumbe nitakuja kwenu?"

"Nimesema tu."

"Haya. Kengele."

Muuzaji akatikisa kichwa. "Kengele ni ya wenye masikio," akasema. "Honi ni ya wote."

Hakuna aliyemjali, walikuwa wanatazamana. Mzee akaifunga kengele kwenye usukani, akairudisha honi kwenye boksi lake, na boksi akaliweka rafu ya chini, karibu na mkono, kama anayejua kuna mtu atalirudia.

Yakawa mapenzi. Kila siku saa kumi jioni kijana aliteremka na mikate kupitia kichochoro cha kwao Sindano, kilichobanwa na kuta mbili ndefu, akapiga kengele mara tatu. Kisha simu.

"Umenisikia, mpenzi?"

"Nimekusikia. Na jirani amekusikia, na paka wa jirani."

"Na baba yako?"

"Kwani vipi?"

"Namkuta njiani akitoka kazini, katikati ya kichochoro, mikono nyuma. Nampigia kengele, hageuki wala hasogei. Nashuka napita pembeni nikikokota."

"Baba akinyamaza amekubali. Asingekutaka angekwishakugeukia na nyundo."

Wakacheka. Lakini kunyamaza kuna aina nyingi, wanangu, na hiyo hawakuijua.

Baba yake Sindano alikuwa fundi bati, miaka arobaini anagonga mabati kwenye karakana. Ndoo akiimaliza hakuijaribu kwa maji kama mafundi wadogo. Aliining'iniza kidoleni, akaigonga kwa ukucha, akafumba macho na kusikiliza. "Nzima," angesema, na ikawa nzima. Ila mwaka huo ndoo zilianza kurudi zikivuja. Mzee alisema wateja wanazitupatupa. Sindano aliliona hilo, akaliweka kando kama kipande cha kitambaa kisichotosha hata kola.

Siku moja mvua ikanyesha mchana kutwa. Saa kumi ilipofika kichochoro kiling'aa kwa utelezi. Mpeleka mikate akateremka, akamwona mzee mbele, mikono nyuma, katikati kama kawaida. Akapiga kengele. Akakamata breki, gurudumu likateleza. Akapiga tena, na tena, na tena. Mzee alikuwa akitembea polepole, ametulia kama mtu aliye peke yake duniani.

Mikate ilimwagika matopeni. Mguu wa mzee ulivunjika mahali pawili.

Hospitalini mzee alisema neno moja tu, akalirudia. "Hakupiga kengele. Masikio yangu ni mazima. Angepiga ningesikia."

Sindano akatoka nje ya wodi, akapiga simu.

"Ulipiga kengele?"

"Mara nne, mpenzi."

"Baba anasema hukupiga."

Kijana alitaka kusema kitu. Kisha akafikiri: mtu anayetaka kuwa mkwe huanzaje kumwita mzee mwongo, tena akiwa kitandani?

"Basi kama baba amesema," akajibu.

"Usinipigie tena."

Wiki tatu zikapita. Mashine ya Sindano ilishona pindo zilizopinda, yeye ambaye hakuwahi kufumua. Saa kumi ikifika alinyanyua kichwa, na kichochoro kikanyamaza.

Ndipo mteja mmoja akaleta ndoo nyumbani, kwa kuwa mzee alikuwa kitini na plasta yake. "Inavuja, fundi."

Mzee akaining'iniza kidoleni, akaigonga, akafumba macho. "Nzima hii."

Mteja akaitia maji kimya kimya. Sindano alisimama karibu, akaona maji yanamdondokea yeye mguuni, tone kwa tone, na baba yake bado amefumba macho. Ubaridi ule ukampanda mpaka kifuani. Akavaa viatu.

Alimkuta kijana nje ya tanuri la mikate, anaikokota baiskeli. Tangu siku ile hakuipanda.

"Nani alichagua kengele?"

"Tulichagua."

"Usinifiche. Nilichagua mimi. Wewe ulitaka honi, na honi angeisikia."

Kijana akatazama chini. "Ulipokata simu ndipo nilipoelewa."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, karakana wangemnyang'anya nyundo. Halafu ungenipenda?"

"Nilikuwa nimekuacha, mjinga wewe. Ulikuwa unaokoa nini?" Akamfuta unga shavuni kwa nguvu, kama anayefuta doa. "Watu wanachota maji kwa ndoo zinazovuja, na kesho baba atavuka barabara ya malori. Nipe bisibisi."

Jioni hiyo wakafika kwa mzee pamoja. Kijana alivaa shati lililopigwa pasi, kola imesimama.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama midomo kwanza. "Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Na kumwomba binti yako."

"Asiyejua kupiga kengele nimpe binti?"

Sindano akachuchumaa mbele ya kiti, kengele mkononi. "Baba, wewe ndiye unayejua. Sikiliza, uniambie nimepiga mara ngapi."

Kidole gumba kikashuka, kikapanda. Kikashuka tena. Tena. Mzee hakukiondolea macho.

"Tatu," akasema. Akakunja uso, akasugua sikio. "Na ni kali mno, inapasua kichwa. Siku ile hata moja sikuisikia."

Mpeleka mikate alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu ambayo haikuwa yake. Akafungua kiganja. Vyuma vyote vya ndani ya kengele vilikuwa humo, pamoja na ulimi wake, bado vina mafuta. Akaviweka taratibu kwenye goti la mzee.

Sindano aligeuza kengele, akamwonyesha utupu wake.

Fundi wa mabati wa miaka arobaini alivitambua vyuma vile. Akaugonga ulimi kwa ukucha, kwa mazoea, akainamisha sikio. Akangoja. Kisha akaacha kujifanya anasikia.