Mjumbe Aliyezama Aitwa Kikaoni

Jua lilikuwa linazama Verna alipoingia ukumbi wa baraza na samaki mkavu mkobani, kuomba kile kile alichoomba tangu kaka yake Cyril, mjumbe wa baraza, azame. Aliomba ukumbi wa karamu ya moto.

Kwao, chakula cha marehemu huchomwa ili kimfikie. Aliyezama asipatikane, na moto usiwashwe, huchukuliwa na watu-fisimaji, viumbe wa majini nusu watu nusu wanyama. Humvisha manyoya yao taratibu, mpaka asiwe mtu tena.

Kijiji kilikuwa na pande mbili za ukoo: Verna na Cyril walikuwa wa upande wa Kunguru, na msiba wa Kunguru huhudumiwa na upande wa Tai. Mwenyekiti Clarence alikuwa Tai. Moto ulikuwa kazi yake. Lakini karamu ikiisha, kiti cha marehemu hujazwa, na mrithi alikuwa Verna, ambaye asingekubali kijito kikodishwe kwa matajiri wa samaki. Basi kijibwana hicho, tumbo mbele akili nyuma, kilimweka Cyril hai kwa mdomo tu. Kila kikao kilimwita jina, na kutaja jina la aliyezama kabla ya moto ni kumwita aje, jambo ambalo hata mtoto wa pale angezabwa kofi kwalo.

"Clarence, kaka yangu ana njaa huko."

"Dada yangu, baraza lina taratibu zake. Kikao kijacho."

"Taratibu! Wewe ni Tai au ni kopo tupu?"

"Fisimaji, fisimaji! Mnaniaibisha mbele ya wageni wanaotaka kijito kwa hadithi za bibi zenu. Kaa chini."

Akaanza kuita majina ya wajumbe. Nje mbwa walibweka... kisha wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Cyril."

Harufu ya manyoya mabichi ikaingia.

"Nipo."

Alisimama mlangoni, mikono kaificha kwapani. Mdomo wa juu ulikuwa umevutwa hadi puani, meno yote nje. Akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Wajumbe walikimbia kupitia mlango wa jikoni, wengine wakitambaa. Verna alibaki, mkoba kifuani.

"Dada," kile kitu kilinong'ona. "Nina njaa. Twende."

Verna aliuma ulimi. Anayejibu huchukuliwa, na sauti ilikuwa ya kaka yake kabisa. Machozi yalimtoka.

Na Clarence? Clarence aliona kura.

"Cyril, mzee wangu! Unaona, Verna? Mzima kabisa! Haya bwana, kijito tukikodishe? Nyoosha mkono."

Mkono ukanyooka. Kiganja kilikuwa na manyoya, na vidole vilishikana kwa ngozi.

"Imepita," alisema Clarence, akikitazama kile kiganja.

"Twende."

Safari hii kile kitu hakikuwa kikimwambia Verna. Clarence aliinuka kama mtoto aliyeitwa kula.

Verna alirukia jiko la kuni pembeni mwa ukumbi. Haikuwa kazi ya mikono ya Kunguru, lakini Tai pekee aliyebaki alikuwa anatolewa mlangoni. Akatupa samaki motoni, akaita jina la kaka yake kwa nguvu zote. Kile kitu kiligeuka. Mdomo ukashuka, na kwa kufumba na kufumbua ulikuwa uso wa Cyril, umechoka.

Halafu hakikuonekana tena. Clarence aliendelea kutembea kuelekea kijitoni, mkono mmoja umenyooka mbele, kama anayeshikwa.

Hakupatikana. Sasa jioni sauti yake hutoka kijitoni ikiita wajumbe kwa majina, na watu hufunga milango. Mpwa wa Clarence amekuja mara nyingi kwa Verna.

"Shangazi, msiba wa Tai ni kazi yenu Kunguru. Muwashie moto."

"Hata kufa kwenyewe hakujui," Verna humjibu. "Mwache apige kelele. Wangu ameshakula."

Alilisema hilo kwa raha, na aliliamini. Mpaka jana. Jana, nyuma ya sauti ya Clarence, alisikia ya pili, ile iliyomwita dada, ikicheka polepole. Hakuhitaji kuuliza ni ya nani.