Wifi, Matunda na Usingizi

Mtaa mzima ulimsifu fundi cherehani kwa mkono wake mwepesi. Lakini siku hizi usingizi ulimpiga chenga. Kila usiku aligeuka huku na huku kitandani. Mchana macho yalikuwa mazito.

Asubuhi moja alikuwa akishona gauni la bibi harusi. Akasinzia kidogo tu. Sindano ikamchoma kidole. Tone la damu likadondokea kitambaa cheupe.

"Maskini mimi! Harusi ni kesho kutwa!"

Wifi yake, muuguzi wa zahanati, alikuwa amekuja kujaribu sketi. Hakupayuka wala hakulaumu. Alimfunga kidole. Kisha akaloweka doa kwenye maji baridi yenye chumvi, akalisugua taratibu mpaka likatoka. Fundi akabaki kumtazama. Mwanamke huyu hababaiki!

"Wifi, kwani hulali?"

"Nalala mang'amung'amu tu, nusu macho."

"Unakula nini?"

"Mkate na chai. Jioni soda na biskuti, nipate nguvu ya kushona."

"Na matunda?"

Fundi akacheka. "Matunda si ya watoto na wagonjwa?"

"Nani kakudanganya? Watafiti wameona kuwa watu wazima wanaokula matunda na mboga kwa wingi, mara nyingi hulala vizuri zaidi. Tunda si dawa ya usingizi, na sababu zote bado hazijajulikana. Lakini mwili utashukuru. Kula tunda lenyewe, si juisi ya sukari. Chai kali na soda usinywe jioni. Usingizi ukigoma, njoo zahanati tukupime."

Jioni mume wa fundi alikuta papai na machungwa mezani.

"Kuna mgonjwa humu?"

"Kuna watu wazima. Nawa mikono, ukae."

Bibi harusi alipata gauni lake, jeupe pepepe. Usingizi haukurudi siku hiyo hiyo. Ila fundi hakukata tamaa. Ndizi asubuhi, chungwa mchana, papai baada ya chakula. Kidogo kidogo akaanza kulala.

Siku moja aliamka jua limeshapanda. Mumewe alikuwa akimenya embe.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ningeanzaje? Ulikuwa unakoroma kwa raha zako."

"Mimi? Sikoromi!"

"Muulize wifi yako. Alipita kukusalimu, akakusikia kutoka mlangoni. Kaondoka anacheka mpaka machozi."