Sululu Kumi na Wanne

Kiangazi kilikuwa ukingoni, jua limeanza kupoa, na ndege wa kutoka mbali walikuwa wakitua ufukweni kupumzika kabla ya kuendelea na safari. Bi Fundi alifunika cherehani yake, akabeba darubini na daftari, akapanda kilimani hadi kwenye kibanda cha mbao kinachotazama pwani. Kila mwaka ofisi ya hifadhi ilimwomba awahesabu ndege jioni jioni, na kila mwaka alikubali upesi, utadhani yeye ndiye anayefanyiwa hisani.

Mwaka huu alipanda peke yake.

Zamani walikuwa wawili, yeye na mumewe, na kazi yao ilikuwa na utaratibu usiovunjwa. Bi Fundi hakubandua jicho kwenye darubini. Alitaja hesabu kwa sauti. Mumewe, ameketi nyuma yake, aliirudia. Bi Fundi akisema "Andika," ndipo kalamu iguse karatasi. Bila neno hilo hakiandikwi kitu, hata apite tembo. Utaratibu wenyewe ulianza siku mume alipoandika shakwe mahali pa membe, wakanuniana wiki nzima, wanapitishiana chumvi mezani kama mabubu.

Sasa mume alikuwa na miezi saba kaburini. Alikata roho Bi Fundi akiwa ameshuka ghorofa ya chini hospitalini kununua maji, dakika kumi tu, na jambo hilo lilimkaa kooni likakataa kushuka. Na nyumba, jamani, nyumba ilikuwa kimya hivi kwamba alikuwa anaitikia salamu za mtangazaji wa redio.

Basi jioni ile akainama, jicho kwenye kioo, akawaona sululu, wale ndege wa midomo mirefu iliyopinda, wametua mchangani. Mazoea yana tabu, akatamka kwa sauti:

"Sululu, kumi na wanne."

Upepo ulikuwa umetulia. Mawimbi yalisikika kwa mbali...

"Sululu, kumi na wanne," ikajibu sauti nyuma yake.

Ilikuwa ya mumewe. Ile ile, nzito kidogo, isiyo na haraka. Harufu ya manyoya yaliyolowa ikajaa kibandani. Akili ilimwambia geuka, shingo ikagoma, na kinywa kilichofanya kazi ile miaka ishirini na sita kikajiendea chenyewe.

"Andika."

Kalamu ikakwaruza karatasi.

Alipothubutu kugeuka, benchi lilikuwa tupu. Daftari lilikuwa wazi, na mwandiko ulikuwa ule wa mumewe, wa kulalia upande. Bi Fundi akakaa chini akalia, na hakulia kwa woga.

Asubuhi mlinzi wa hifadhi alimkuta anashona.

"Shikamoo, Bi Fundi. Jana uliwahesabu sululu wangapi?"

"Marahaba. Kumi na wanne. Kwani vipi?"

Mlinzi alivua kofia. "Nimewaokota ufukweni, wamekufa. Wamelala mstari mmoja, hawana hata jeraha. Kumi na wanne."

Akasimulia kwa sauti ya chini habari aliyoipata kwa babu yake. Palikuwa na mtega ndege huko kilimani, mchawi, ambaye hakuwa na wavu wala ulimbo. Alitaja idadi tu. Lakini peke yake hakuweza. Ilibidi mtu aliye hai aikubali ile idadi. Ukishakubali, umempa. Watu walimfukuza wamuue, akatoweka, hata mwili wake haukuonekana kokote.

"Na nani huyo wa kumkubalia mchawi?" Bi Fundi aliuliza.

"Anakuja na sauti ya yeyote unayempenda, mama."

"Maneno ya walevi hayo," akasema Bi Fundi, na sindano ikamchoma kidole.

Jioni alirudi. Usimlaumu, au mlaumu ukipenda, lakini hujawahi kukaa miezi saba bila mtu wa kukuuliza umekula nini. Aliapa kwamba atahesabu tu, na neno lile hatalitamka.

"Vitwitwi, tisa."

"Vitwitwi, tisa."

Akauma midomo. Muda ukapita. Ubao wa benchi ukalia, kama mtu anayesogea mbele.

"Fundi wangu," sauti ikanong'ona. "Mbona umeninyamazia?"

Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo. Machozi yalimtoka, kioo kikaingia ukungu.

"Andika," akasema.

Kesho yake aliwazika vitwitwi tisa kwa mikono yake, mchanga ukimjaa kwenye kucha. Aliona haya kubwa. Na katikati ya haya hiyo alijikuta anatazama jua, kuona limebakiza kiasi gani kushuka.

Lakini binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amepiga simu. Angefika kesho kumchukua akaishi naye mjini. Bi Fundi akaona basi, apande mara ya mwisho, aage, yaishe. Hata hesabu hakutaja. Aliketi tu, jicho kwenye darubini, akisubiri.

Safari hii sauti ilianza yenyewe.

"Binadamu, wawili."

Aliigeuza darubini kuelekea njia ya kilimani. Binti yake huyo anapanda, siku moja kabla ya ahadi, viatu mkononi, anahema.

"Futa," akasema Bi Fundi.

"Binadamu, wawili."

"Nimekwambia futa."

"Basi taja wewe."

Pumzi ya baridi ilimgusa shingoni. Harufu ile ikazidi, ikamkaba... Hatua za binti zilikuwa zinakaribia. Ataingia hapa, Bi Fundi akawaza, ataisikia sauti ya baba yake, ataulizwa, naye atajibu kwa furaha kama nilivyojibu mimi. Mama hakuhitaji kufikiri zaidi ya hapo.

"Binadamu, mmoja," akasema, mkono wake ukiwa kifuani pake mwenyewe.

"Binadamu, mmoja."

"Andika."

Kalamu ikakwaruza. Kisha harufu ikatoweka.

Mlango ukafunguliwa. "Mama, kulikoni kuniita vile njia nzima?" binti alisema. "Nimekimbia hadi viatu nimevua."

"Mimi sijakuita, mwanangu."

Walitazamana. Hapo ndipo Bi Fundi alipoelewa kwamba kile kitu hakikuwa mumewe hata siku moja. Alimshika binti mkono, wakateremka.

Hakuuachia. Aliushika njiani, akaushika mezani, na walipolala kitanda kimoja akaushika vilevile.

"Mama, hata chooni utanisindikiza?" binti akamtania.

"Hata huko."

Binti alicheka, akalala. Bi Fundi alibaki macho, akikisubiri kifo chake mwenyewe. Alikuwa ametulia kabisa, mpaka wazo moja lilipomjia likamkausha mate. Kwenye daftari huandikwa sululu, mmoja. Haiandikwi ni sululu yupi. Miaka ishirini na sita ya kuhesabu, na hakuwahi kuliona hilo kuwa ni kasoro.

Alisogea, akausikiliza moyo wa binti yake. Ulikuwa unadunda vizuri. Akaapa hatasinzia.

Usingizi ulimwibia karibu na alfajiri.

Alipofumbua macho, mwanga ulikuwa umeshaingia dirishani. Jikoni kijiko kilikuwa kinakoroga kikombe.

"Mama, amka," binti yake akaita kutoka huko. "Chai inapoa."

Bi Fundi alishusha pumzi. Mwanangu mzima, akasema moyoni, na mimi pia mzima. Akafungua kinywa aitike.

Kisha akahisi vidole vyake. Mkono aliokuwa ameushika tangu jana jioni ulikuwa bado umo ndani ya wake, na ulikuwa wa baridi.

Hakugeuka kutazama.

"Mama," ikaita tena sauti ya jikoni, taratibu, kwa upendo, ikangoja aitikie.