Abiria wa Kiti cha Mbele

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Phoenix, na Yolanda Barreras alikuwa roho mkononi. Chekechea ilikuwa ikifungwa saa kumi na mbili jioni. Alishachelewa mara mbili. Akichelewa tena, mume wake wa zamani angekimbilia kwa hakimu kumnyang'anya Nayeli, binti yake wa pekee. Na foleni kwenye barabara kuu ilikuwa haisogei.

Akafanya ujanja unaofanywa na wengi mjini pale. Njia ya kushoto ni ya magari yenye watu wawili au zaidi, na kwenye kiti cha pembeni alikuwa amemkalisha "mtu": sanamu ya kuvalishia nguo, yenye koti la kahawia na kofia. Vyote alivinunua asubuhi uani kwa jirani, aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu mama yake.

"Hilo koti alilipenda kuliko sisi wanawe," jirani alimtania. Kisha akashusha sauti. "Ukimweka garini mfunge mkanda, shoga. Mama alikuwa hataki hata kuusikia. Siku ya ajali akarushwa nje kupitia kioo cha mbele."

Yolanda alicheka, lakini sanamu aliifunga mkanda. Sasa akaingia njia ya kushoto, gari likashika kasi.

Ting.

Kengele ya mkanda. Ting... ting... Kengele hiyo hailii mpaka kiti kibebe uzito wa mtu, na ile sanamu ilikuwa nyepesi kama kapu tupu. Akatupa jicho. Mkanda ulikuwa umefunguka. Na harufu... marashi ya waridi, ya zamani, mazito.

Hakuthubutu kutazama tena.

Taa za polisi zikawaka nyuma yake. Maskini, alifurahi! Akaegesha. Askari akainama dirishani, akamulika tochi kiti cha pembeni. Yolanda aliomba kimoyomoyo aione sanamu, ampige faini, amweke hata rumande.

"Shikamoo, bibi," askari alisema kwa upole. "Mbona hujafunga mkanda? Wa mbele wote wanafunga, ndiyo sheria."

Mkanda ukavutwa taratibu.

Klik.

"Ahsante, bibi." Akamgeukia Yolanda. "Leo nawasamehe, dada. Bibi anasema mjukuu wake anamngoja. Haya, muwahini."

Yolanda hakuwa amefungua mdomo wake. Hakuwa amemtaja mtoto kwa mtu yeyote.

Akaondoa gari. Njia ya kutokea kwenda chekechea ikajitokeza mbele, na hapo akaelewa: hiki kitu kinamtaka Nayeli. Basi hakimu amchukue, bora mtoto awe mzima. Akakanyaga mafuta, akaipita ile njia, akilia kwa sauti. Saa kumi na mbili ilimkuta nje ya mji, jangwani.

Akageuza shingo polepole. Koti halikuwepo. Sanamu haikuwepo. Kiti kitupu, na mkanda umefungwa vizuri kabisa.

Simu ikaita. Ilikuwa chekechea. Kabla hajaigusa...

Ting. Ting.

Safari hii kengele ililia nyuma, kwenye kiti cha mtoto.

"Mama," Nayeli akanong'ona, "mwambie bibi asikaze mkanda. Unanibana."