Wizi wa Kanisa la Pike

Saa tatu asubuhi, Jumapili.

“Tunaiba kanisa,” Verna Stubbs alisema.

Chumba cha nyuma cha duka kilinuka bangi na kahawa iliyoungua. Odell, fundi wa kuchomelea vyuma, aliacha kutafuna. Rusk, dereva wa lori, aligeukia dirishani.

“Kanisa zima?” Odell aliuliza.

“Lile trela la Pike. Ushawahi kuona mtu akisali mle?”

Hakuna aliyewahi. Sheria ya mji ilikataza duka lolote la bangi ya dawa kuwa ndani ya futi elfu moja kutoka kanisani. Garrison Pike, mwenye duka kubwa la bangi barabara kuu, aliegesha trela jirani na duka la Verna, akalipachika msalaba, kisha akaenda kushtaki kwamba duka hilo liko karibu na kanisa. Mroho asiye na haya! Kesho mkaguzi angekuja kupima. Akilikuta kanisa, duka linafungwa.

Verna alilifungua baada ya kumzika mumewe. Saratani ilipomkatalia Lyle chakula, jani hilo ndilo lililomrudishia hamu ya kula. Jina lake lilikuwa juu ya mlango. Kulifunga ni kumzika mara ya pili.

“Saa nne mji mzima uko ibadani,” Verna alisema. “Tunalivuta mpaka machimbo ya zamani.”

“Tukidakwa?” Rusk aliuliza.

“Tumedakwa. Shemeji, kama unaogopa, nenda kaimbe kwaya.”

Rusk hakucheka. Alikuwa mdogo wake Lyle, toka nitoke.

Saa nne na dakika tano.

Odell alikata mnyororo. Rusk alirudisha lori nyuma, wakalifunga trela nyuma yake, wakaondoka. Kanisani kwao, Wabaptisti waliimba kwa sauti kubwa, hakuna aliyesikia lori.

Saa nne na robo.

“Shemeji, machimbo ni kushoto.”

Rusk alikata kulia. Shingo ilimtoka jasho. Aliingiza lori uani mwa duka la Pike, akachomoa ufunguo, akaruka chini. Polisi wawili walikuwa wanangoja. Pike naye alikuwepo, anatabasamu. Alitaka kumwona Verna akipigishwa magoti mlangoni pake.

“Umeniuza, Rusk?”

“Ana malori kumi, Verna. Wewe una nini?”

“Nilikuwa na shemeji.”

Odell aliinua spana. “Tulia,” Verna alimwambia. Moyo ulimuuma, lakini kulia mbele ya Pike? Thubutu!

Mmoja wa polisi, Afande Tibbets, aliuliza, “Kaiba nini?”

“Kanisa!” Pike alifoka. “Kanisa langu!”

Verna aliangua kicheko. “Andika hivyo, afande. Andika na mahali lilipo.”

Tibbets aliutazama msalaba, kisha mlango wa duka la Pike, hatua chache tu. “Hiki ni kielelezo cha kesi sasa,” alisema taratibu. “Hakitoki hapa mpaka hakimu aseme.”

“Na mkaguzi anakuja kesho kupima futi elfu moja,” Verna alisema.

Pike alisawajika. Wateja wake walijazana mlangoni, masikio wazi.

“Si kanisa,” alinong’ona.

“Paza sauti, bwana. Wa nyuma hawasikii.”

“Si kanisa! Ni trela tu, mwanamke wewe!”

“Umesikia, afande?”

“Tumesikia wote.”

Verna alinyoosha mikono ipokee pingu.

“Basi nifunge. Nimeiba trela. Na kesho Duka la Lyle linafunguliwa saa mbili, kama kawaida.”