Anayemalizia Filamu

Kuna mabaya yanayoingia nyumbani kwa mlango, na yapo yanayoingia kwa dirisha. Hili liliingia kwa maoni ya filamu, mchana kweupe, watu wakinywa chai.

"Yule dada mtu hakunipendeza hata kidogo," Mama mkwe alisema, akipuliza kikombe chake. "Kumsukuma shemeji yake kisimani siku ya posa! Hata kama ni wivu, jamani. Na aliyeigiza hajui kulia. Analia kwa pua tu, machozi hana."

Fundi alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Uzi ukakataa kuingia.

Jana yake ni yeye aliyemsimulia Mama filamu hiyo, na katika masimulizi yake hakukuwa na kisima. Bwana na bibi walioana, watu wakapiga vigelegele, televisheni ikazimwa.

"Habari za kisima umezitoa wapi, Mama?"

"Si kwako? Ulirudi ukanimalizia. Tena jana ulisimulia vizuri kuliko siku zote."

Fundi hakuwa amerudi. Baada ya kuzima televisheni alikwenda zake chumba cha cherehani, akabaki huko mpaka kupika. Alipopata nafasi aliitafuta ile filamu kwenye simu, akaisogeza mpaka mwisho. Kisima kilikuwepo. Dada mtu alisukuma, na kweli alilia kwa pua.

Nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili. Mume wa Fundi alikuwa dereva wa malori ya masafa, leo yupo, kesho yupo njiani. Mama mkwe alikuwa amepoteza macho kabla Fundi hajaolewa, lakini hakupoteza mapenzi yake kwa filamu. Kwa hiyo kila alasiri Fundi aliacha cherehani, akaketi kwenye kiti cha mbao kando ya kochi la Mama, akawa macho yake. Mama alikuwa na masharti. "Nguo kwanza, halafu uso, halafu anachofanya. Maoni baadaye." Na maoni yakifika, basi hapo ndipo palikuwa na utamu. "Huyo bwana si wa kuaminika," Mama angesema. "Sikiliza anavyoshusha pumzi kabla ya kusema nakupenda. Mtu anayependa hashushi pumzi, anayebeba gunia ndiye anayeshusha."

Walipendana kupitia filamu hizo. Baada ya maoni walihamia kwenye maisha yao. Fundi alimsimulia Mama kovu la dole gumba lake lilivyopatikana: alivyokuwa binti wa shule akijifunza kushona kwa shangazi yake, sindano ikamtoboa, damu ikadondokea gauni la bibi harusi wa watu, na shangazi, badala ya kumchapa, akashona ua juu ya doa. Mama alikisikiliza kisa hicho kama filamu nzima, akaomba arudiwe pale pa ua. Mama naye alisimulia ya kwake. Fundi aliyasikiliza nusunusu, jicho likiwa kwenye simu.

Maana kwenye simu kulikuwa na grupu. Wapenda filamu walijazana humo, na Fundi alikuwa na ulimi. Siku moja alituma ujumbe wa sauti kuhusu filamu fulani iliyosifiwa mno, akaichana vipande kama kitambaa kibovu, watu wakacheka mpaka ikawa msemo: "Fundi kasema!" Tangu hapo filamu ilikuwa haijatoka mpaka Fundi aseme. Sifa ni kitu kitamu, na hakuna aliyewahi kushiba.

Kusimulia kwa Mama kukawa kunamchelewesha. Nguo, uso, anachofanya. Mpaka filamu iishe, wenzake kwenye grupu wamekwishatoa maoni. Akaanza kukata. Filamu ikifika katikati alisema, "Wakaoana, Mama. Imekwisha," akakimbilia cherehani, waya za simu masikioni. Na kwenye grupu nako, kazi zilipozidi, alianza kuhukumu filamu alizoona mwanzo wake tu. Nani angejua?

"Siku hizi wanaoana sana," Mama alisema siku moja.

Fundi alicheka.

Baada ya mambo ya kisima, alifanya jaribio. Alasiri iliyofuata alisimulia nusu, akawaozesha wale watu, akaenda kwenye cherehani. Safari hii hakutia waya masikioni. Alikanyaga kidogo, akasimamisha mguu, akasikiliza.

Sebuleni mtu alikuwa akizungumza.

"Amevaa gauni la kijani," sauti ilisema taratibu. "Uso wake umechoka. Anafungua mlango."

Fundi aliinuka bila viatu, akapita ukumbini akijishika ukutani, na kadiri alivyosogea ndivyo alivyozidi kuitambua ile sauti, jinsi ilivyopanda mwishoni mwa sentensi, jinsi ilivyomeza mate kabla ya jambo la kutisha, hata kikohozi kile kidogo cha mtu anayeshinda kwenye vumbi la vitambaa, mpaka alipofika mlangoni akawa hana tena pa kujidanganya, kwa sababu sauti ile ilikuwa yake mwenyewe. Televisheni ilikuwa imezimwa. Mama alikuwa amegeukia kiti cha mbao, na kiti kilikuwa kitupu, ila mto wake ulikuwa umebonyea katikati kama mto uliokaliwa. Sebule nzima ilinuka mafuta ya nywele ya Fundi, yale yale, lakini yameoza.

Mama aligeuza kichwa. "Kuna mtu mlangoni?" alikiuliza kiti.

"Hakuna mtu, Mama," kiti kilijibu. "Endelea kusikiliza."

Fundi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga cherehani. Alibonyeza namba ya mumewe, na alipompata alinong'ona kama mwizi. Mume alisema ni uzee, Mama azungumze peke yake kama inamfurahisha. Fundi hakusema sauti ilikuwa ya nani. Angeulizwa yeye alikuwa wapi.

Alijaribu kurudi kwenye kiti. Mama alimkataa kwa upole. "Pumzika, mwanangu. Mwenzako hakati filamu katikati." Maneno hayo yalimwingia Fundi kama sindano.

Kisha filamu zikabadilika.

"Ya jana ilikuwa na msichana mjinga mno," Mama alisema wakati wa chai. "Kaletewa wachumba wenye mali, yeye kamchagua fundi baiskeli kwa sababu anapiga mluzi vizuri. Mluzi! Atakula mluzi?"

Fundi aliinua macho ukutani. Picha ya baba mkwe ilikuwa pale, na spana yake mkononi.

"Mama, huyo si Baba? Si mume wako, fundi baiskeli?"

Mama alifikiri. Uso wake ulikuwa mtupu kama kitambaa ambacho hakijakatwa. "Kwani mimi niliolewa?"

Siku iliyofuata filamu ilikuwa ya mwanamke aliyejifungua mtoto wa kiume wakati wa mvua kubwa, mkunga kakwama ng'ambo ya mto. Mama aliisifu sana. Jioni mwanawe alipopiga simu, alimsikiliza, akamjibu vizuri, akamrudishia Fundi simu akanong'ona, "Huyu kijana ni nani? Ana adabu." Fundi alielewa basi. Yule wa kwenye kiti alikuwa akimsimulia Mama maisha yake mwenyewe, na kila alichokimaliza hakikubaki kwa Mama. Zikiisha filamu, Mama naye angekuwa amekwisha.

Mteja mmoja alimpa habari za mganga. Mganga huyo alikuja alasiri, mwanamke mnene mwenye miwani, ambaye ujanani alikata tiketi kwenye jumba la sinema. Hakuleta mkoba wala kibuyu. Alisimama sebuleni akinusa.

"Filamu za majini nimeziona zote," alisema, "na zote upuuzi. Macho mekundu, kucha, milango inajibamiza. Jini mwenye akili atabamiza mlango wa nini? Anatafuta kiti kilichoachwa, anakaa." Akakigusa kile kiti, akaondoa mkono haraka, sauti ikashuka. "Hakutumwa huyu. Msimsingizie jirani. Nani alikuwa anakaa hapa?"

"Mimi."

"Uliondokaje?"

Fundi alieleza, macho chini, Mama akiwa palepale kwenye kochi akisikia. Kila "wakaoana" aliyoitaja ilimchoma upya. Mganga hakumkemea, na hilo lilimuuma zaidi.

"Anakaa mahali palipoachwa kwa uongo," mganga alinong'ona. "Umwondoe mwenyewe. Keti, umsimulie Mama maisha yake mpaka leo, na uongo wako humo humo, usiruke. Unalolijua utamrudishia. Usilolijua limekwenda." Alivua miwani, akamtazama. "Kuna mahali pengine ulipokaa namna hii, ukadanganya?"

Fundi aliliona grupu. Aliiona ile filamu aliyoisifu juzi, ambayo hakuona hata robo. Lakini alikuwa amekwishajivua nguo mbele ya mama mkwe wake, aibu imemjaa mpaka masikioni, na hilo lilionekana dogo mno kuliongeza.

"Hapana," alisema. "Ni hapa tu."

"Haya," mganga alisema, akavaa miwani.

Kiti kilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Fundi alipofungua kinywa, sauti nyingine ilifungua naye, ubavuni mwake, karibu hata akahisi pumzi kwenye shavu, na zote mbili zilikuwa zake, zikisema msichana amevaa gauni la maua, uso wake unacheka, anamfuata fundi baiskeli barabarani, moja ikivuta kwenda na nyingine ikivuta kurudi, na harufu ya mafuta yaliyooza ikimjaa kinywani kila alipovuta pumzi, lakini hakunyamaza, alisimulia harusi, mtoto wa kwanza aliyefariki, mvua, mkunga, mtoto wa pili, macho yalivyofifia, na kila alipofika mahali asipopajua ile sauti nyingine ilicheka taratibu.

"Alikuwa anapiga mluzi wa wimbo gani?" Mama aliuliza.

"Sijui, Mama. Uliniambia. Sikusikiliza."

"Na yule mtoto wangu wa kwanza, aliyefariki. Tulimwita nani?"

Fundi alilia. "Uliniambia, Mama. Nilikuwa natazama simu."

Aliendelea hivyo hivyo na machozi. "Sasa ameingia mkwe. Amevaa gauni la kazi, lina nyuzi kifuani. Uso wake una haya. Kila siku anamwambia mama mkwe wake wameoana, na hawajaoana."

Kiti kililia chini yake. Pazia la dirishani liliinuka, upepo hakuna, likashuka. Harufu ilikatika.

"Maoni," Mama alisema. "Huyo mkwe nilijua anadanganya. Filamu ikiisha muziki hupanda, na mimi kila siku muziki ulikatwa shingo. Nikasema amechoka, atarudi. Akaja mwingine kwa sauti yake, na hata nilipomtambua nikamkaribisha, nilikuwa mpweke." Akaupapasa uso wa Fundi. "Angesema tu kwamba amechoka. Ningemwelewa."

Fundi alitoka kwenye grupu siku hiyo hiyo, bila neno. Tangu hapo hakukata filamu hata moja. Alimsomea Mama mpaka majina yanayopita mwishoni. Mume alipopiga simu, Mama alimjua. Mluzi na jina la mtoto havikurudi, na Fundi kila alipoitazama picha ile ya ukutani aliinamisha macho.

Alasiri moja mteja alikuja kujaribu gauni. Mama alikuwa kwenye kochi lake.

"Fundi, siku hizi unatisha kwenye grupu!" mteja alisema. "Ile filamu unayotusimulia, watu hatulali."

"Mimi? Nilishatoka."

"Acha utani wako." Mteja alibonyeza simu.

"Amevaa sare ya shule," sauti ya Fundi ilisema. "Uso wake una jasho. Anakanyaga cherehani ya shangazi yake." Sindano ikatoboa kidole. Damu ikadondokea gauni la bibi harusi. Shangazi akainua mkono, binti akafumba macho, na mkono ukashuka kuchukua uzi mwekundu, ukashona ua juu ya doa.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, sindano za kupimia zikiwa mdomoni. Akazitoa, akacheka.

"Mzembe huyo binti! Lakini shangazi kanifurahisha. Filamu gani hii? Nitamsimulia Mama."

Kikombe cha Mama kiligonga kisosi.

"Mwanangu," alisema, sauti ndogo kabisa. "Hebu nipe dole gumba lako."

Fundi alimpa. Mama alilipapasa mpaka akafika kwenye kovu, akalishikilia.

"Hili ulilipata wapi?"

Fundi alilitazama kovu lile kwa muda mrefu.

"Sijui, Mama. Labda nilizaliwa nalo."

Mama aliinuka. Alinyoosha mikono mbele, akakitafuta kiti cha mbao mpaka akakipata, akakaa juu yake, akamvuta Fundi aketi kwenye kochi.

"Mimi nilisikiliza," alisema. "Amevaa sare ya shule."

Mkononi mwa mteja simu ilitoa mlio mdogo. Ujumbe mpya wa sauti ulikuwa umeingia.